Mpangaji miezi minne hajalipa: mwenye nyumba kuweka kufuli ni haki yake au anajitafutia kesi?

#1 Mwambao_Halisi
Wakuu, salaam. Nyumba ya Kiswahili Ngamiani, Tanga, vyumba sita, ukumbi katikati, uwani na choo ni vya wote. Mpangaji wa chumba cha mbele alilipa kodi ya miezi sita kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mjumbe. Miezi sita ikaisha, hawakuandikishana upya, akaendelea kulala humo. Sasa mwezi wa nne hajatoa hata shilingi. Mwenye nyumba anataka kuweka kufuli lake mlangoni, vyombo vibaki ndani mpaka deni lilipwe.

Msimamo wangu: ana haki. Mkataba umekufa, nyumba ni yake, na asiyelipa si mpangaji tena. Anayepinga aje na sheria, asije na huruma.

#2 KijanaWaDuga
Umemaliza mkuu. Uzi ufungwe.

#3 MamaMakorora
Usifungwe bado. Kuna sheria ya pango inayomlinda mpangaji, haruhusiwi kutolewa bila baraza la nyumba, na kodi yenyewe haipandishwi ovyo. Mwenye nyumba akiweka kufuli kajifunga mwenyewe.

#4 Karani_Mstaafu
Dada MamaMakorora, hiyo unayoisema ni ya mwaka 1984, ya kudhibiti pango. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo hakuna chombo cha kupanga kiwango cha kodi ya nyumba za watu binafsi. Kodi ni makubaliano. Tunayoitumia ni Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, sehemu ya upangaji.

Lakini na Mwambao naye hajapatia. Mkataba haufi kwa sababu tu miezi sita imepita. Mpangaji akiendelea kukaa na mwenye nyumba akaridhia, upangaji unageuka wa kipindi kwa kipindi, na kwa chumba cha kulipia kwa mwezi maana yake ni mwezi kwa mwezi. Kuuvunja kunahitaji notisi isiyopungua kipindi hicho, tena iishe siku ambayo kodi huangukia.

Hapo kwenye siku ndipo wengi wanapoteleza. Kodi inaangukia tarehe 1. Ukimpa barua ya mwezi mmoja tarehe 12 Mei, usihesabu mpaka 12 Juni. Tarehe 1 Juni mwezi haujatimia, kwa hiyo notisi inaishia 1 Julai. Barua ikiandikwa "uhame ifikapo 12 Juni", wakili wa upande wa pili ataishika hiyo hiyo.

#5 Wakili_Mtaani
Karani, neno lako "akaridhia" ndilo lenye mzozo. Kuridhia kunaonekana kwa kupokea kodi baada ya muda kuisha. Huyu hajapokea kitu miezi minne yote. Mimi nitasema hapakuwa na ridhaa, hivyo hapakuzaliwa upangaji wa mwezi kwa mwezi. Yule ni mtu aliyebaki ndani ya nyumba ya watu bila haki, na anachodaiwa si kodi, ni fidia ya kutumia chumba.

#6 Karani_Mstaafu
Miezi minne ya kunyamaza, mnapishana ukumbini asubuhi na jioni, mnasalimiana? Upande wa mpangaji utasema huko ndiko kuridhia. Ingekuwepo meseji hata moja ya tarehe za mwanzo, "muda umeisha, naomba chumba changu", hoja yako ingesimama.

#7 Wakili_Mtaani
Kunyamaza si kukubali siku zote. Lakini meseji ingesaidia, hapo sikatai.

#8 KijanaWaDuga
Tanga raha, waja leo warudi leo. Huyu kaja leo kagoma kurudi.

#9 Dalali_Chumbageni
😂 KijanaWaDuga umeniua.

Tuache sheria kidogo, tuangalie kufuli lenyewe. Ukishaweka kufuli lako, kila kilichomo ndani umekibeba wewe. Mpangaji atasema kulikuwa na televisheni ya inchi 43, friji dogo na pesa taslimu 1,500,000 chini ya godoro. Utapinga kwa lipi? Hukuhesabu, hukuwa na shahidi, hukupiga picha. Deni la 60,000 mara minne ni 240,000. Kwa 240,000 mwenye nyumba anageuka mdaiwa wa milioni mbili na zaidi.

Na wanaong'oa mlango au kufunua bati ndio wanaharibu zaidi. Wapo pia wanaokata umeme wa chumba kimoja kwenye saketi bureka. Wanadhani wako salama kwa kuwa hawajagusa kitasa, kumbe wamemvuruga mpangaji katika makazi yake vile vile.

#10 MwanaPongwe
Sasa afanye nini? Semeni hatua, watu tusome.

#11 Dalali_Chumbageni
Kabla ya barua, hesabu. Karatasi moja: mwezi, kiasi kilichotakiwa, kilicholipwa, baki. Kama kodi ilipokelewa kwa simu, toa taarifa ya miamala ya miezi hiyo, maana mpangaji anaweza kuja na "nilikutumia 30,000 mwezi wa pili" na kweli ikawemo.

Halafu barua, nakala mbili. Jina kamili la mpangaji, chumba kipi, nyumba ipi, mtaa upi, deni kiasi gani na la miezi ipi, amepewa mpaka lini kulipa, na asipolipa atakabidhi chumba tarehe ipi. Asaini nakala yako kwamba kapokea. Akikataa kusaini msigombane: ita mashahidi wawili wasio ndugu zako, bandika barua mlangoni, piga picha inayoonyesha mlango mzima na karatasi, mashahidi waandike majina na tarehe nyuma ya nakala. Mpelekee na picha hiyo kwenye WhatsApp yake.

#12 MamaMakorora
Na mjumbe asainiwe?

#13 Karani_Mstaafu
Mjumbe ni shahidi kama shahidi mwingine. Muhuri wake hauipi barua nguvu ya amri. Hata mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwaita, kuwasikiliza na kuandika mlichokubaliana, na mara nyingi mambo huishia pale pale ofisini kwake, hasa mpangaji akikiri deni na kuomba kulipa kwa mafungu. Ila hana mamlaka ya kumtoa mtu chumbani. Mgambo wa mtaa akitumwa kubeba vyombo, aliyemtuma ndiye mwenye kesi.

Makubaliano ya kwa mtaa yakiandikwa, yaandikwe kwa tarakimu: "40,000 kila tarehe 5 kwa miezi sita, nje ya kodi ya mwezi husika". Msiandike "atalipa kidogo kidogo". Sentensi hiyo haimfungi mtu.

#14 MwanaPongwe
Ikishindikana kwa mtaa, baraza la kata?

#15 Karani_Mstaafu
Ndiyo, ila jueni lilibadilika. Mwaka 2021 baraza la kata liliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Kazi yake sasa ni kusuluhisha tu. Likishindwa linatoa hati kwamba usuluhishi umekwama, na zikipita siku 30 bila suluhu mdai anaruhusiwa kusonga mbele kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayewaambia kata "imemhukumu" mpangaji wake kwa shauri la juzi, hukumu hiyo haina miguu.

Wilayani unajaza maombi: wewe nani, yeye nani, nyumba iko wapi, mgogoro ulianza vipi, thamani yake, unaomba nini. Mjibu maombi ana siku 21 kuleta majibu ya maandishi. Anakaa mwenyekiti na wazee wa baraza. Amri ikitoka na mpangaji akagoma, anayekwenda mlangoni ni dalali wa baraza. Mwenye nyumba haendi na shoka lake. Asiyeridhika anakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

#16 Wakili_Mtaani
Naongeza na napinga kidogo. Hiyo njia ni kwa anayetaka chumba chake. Je, kama mpangaji kahama usiku, chumba umekipata, unadai 240,000 tu? Hapo hakuna mgogoro wa ardhi, kuna deni la mkataba. Mimi ningekwenda mahakama ya mwanzo kama madai ya kawaida. Kuna hoja kwamba chochote kinachotokana na upangaji ni cha mabaraza ya ardhi, na kuna hoja kwamba deni tupu la kodi ni mkataba kama mikataba mingine. Wanasheria wanavutana hapa, na mdaiwa mjanja huleta pingamizi la mamlaka siku ya kwanza.

Muda unao: madai ya mkataba ni miaka 6. Tatizo ni kumpata mtu. Namba yake ya NIDA na ya mdhamini ziandikwe siku ya kuingia, si siku ya kukimbia.

#17 Karani_Mstaafu
Kwa uzoefu wa mabaraza, unganisha yote akiwa bado ndani: chumba na deni. Akishatoka unaanza kubishana uende wapi.

#18 Mpangaji_Mwema
Naona kila mtu yuko upande wa mwenye nyumba. Mmemuuliza mpangaji kwa nini hajalipa? Masika yote chumba cha mbele kinavuja, godoro limeoza, mwenye nyumba anaambiwa anajibu "nitaleta fundi". Bati la nani? Kuta za nani?

#19 Karani_Mstaafu
Za mwenye nyumba. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi kinamwekea masharti hata kama hayakuandikwa kwenye karatasi: amwache mpangaji akae kwa utulivu, na paa, kuta kuu na mifereji mikuu aiweke katika hali nzuri. Nyumba ikiungua au ikaharibiwa na mafuriko bila kosa la mpangaji, kodi inasimama yote au sehemu mpaka itengenezwe.

Kifungu cha 89 kinamgeukia mpangaji: alipe kodi, atunze alichopewa, asipangishe mtu mwingine bila ridhaa ya maandishi. Na mwenye nyumba ana haki ya kuingia kukagua, kwa taarifa na kwa saa za kistaarabu. Kufungua chumba cha mtu kwa ufunguo wa akiba akiwa kazini hakumo.

#20 FundiPaa_Mabawa
Hapo kwenye kuvuja naomba nafasi, kwa sababu si kila tone ni la mwenye nyumba.

Huku kwetu hewa ya bahari inakula kichwa cha msumari kabla ya kula bati. Kofia ya msumari ikishaoza, maji yanafuata shina la msumari, yanashuka kwenye mbao na kutokea mita moja mbali na lilipo tundu. Ndiyo maana watu wanaziba pasipovuja. Panda juu uangalie misumari kwanza. Mwenye akili aliipiga mgongoni mwa bati. Ukikuta imepigwa bondeni, hapo ni kosa la ujenzi, maji yanapita juu yake kila mvua, na hilo ni la mwenye nyumba bila mjadala. Vivyo hivyo mapandiano mafupi ya bati mbili: mvua ya upepo kutoka baharini inasukuma maji kurudi juu na kuingia kati.

Lakini ukikuta bati limebonyea kwa nyayo kuelekea kwenye dishi, na tundu liko kwenye boliti za dishi, huyo ni mpangaji na fundi wake wa dishi. Alikanyaga katikati ya bati badala ya kukanyaga penye mbao. Piga picha ya juu kabla hujaziba. Ukishapaka lami, ushahidi umeuzika.

#21 MamaMakorora
Fundi, Mungu akubariki. Hili la nyayo sikulijua.

#22 Mpangaji_Mwema
Sawa, na kama ni misumari ya bondeni, mpangaji ana haki ya kugoma kodi?

#23 Wakili_Mtaani
Kugoma, hapana. Wajibu wa kulipa na wajibu wa kutengeneza havifutani vyenyewe. Amwandikie mwenye nyumba, ampe muda, asipotengeneza amshitaki au aombe punguzo.

#24 Dalali_Chumbageni
Hicho ni cha vitabuni. Mtaani tunafanya hivi na kinafanya kazi: fundi anaandika makadirio, mfano misumari kilo moja, bati moja la geji 28, lami na ufundi, jumla 85,000. Mpangaji anampelekea mwenye nyumba. Akijibu "tengeneza tutakatana", meseji hiyo ni dhahabu. Risiti zinawekwa, kodi ya miezi inayofuata inapungua jumla ya 85,000. Bila hilo jibu, kila mtu atatengeneza kwa bei yake halafu waje kugombana.

#25 Wakili_Mtaani
Nakubali, kwa sharti jibu liwepo kabla ya msumari wa kwanza.

#26 MwanaPongwe
Tukiwa kwenye kukatana: kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nani anailipa?

#27 Shangazi_Usagara
Mwenye nyumba! Hili linaniumiza kila mwezi kuwaona watoto wa watu wanakatwa. Ni kodi ya jengo. Kukatwa kupitia mita ni njia ya kukusanya tu. Nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka, na ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Mpangaji anayenunua umeme analipa kwa niaba, anatakiwa arudishiwe.

Angalieni meseji ya tokeni ya kwanza ya mwezi, kuna mstari wa makato ya kodi ya majengo. Msiifute. Kumi na mbili zikifika ni 18,000, mkatane kwenye kodi ya pango.

#28 KijanaWaDuga
Ilikuwa 1,000 shangazi.

#29 Shangazi_Usagara
1,000 ni ilivyoanza mwaka 2021. Ilipanda mwaka 2023. Na nyumba moja yenye mita tatu isikatwe mara tatu. Mwenye nyumba apeleke namba za mita zote kwa wanaokusanya kodi hiyo, ibaki moja. Wengi hawaendi kwa sababu anayeumia si wao.

#30 MwanaPongwe
Mzee wa zaidi ya miaka 60 si amesamehewa?

#31 Shangazi_Usagara
Kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Akishaweka wapangaji anaingiza pesa, msamaha huo asiutegemee.

#32 FundiPaa_Mabawa
Kwenye nyumba hizi za mita moja vyumba sita, kinachogombanisha watu kuliko kodi ya majengo ni uniti zenyewe. Mita ya D1, daraja la watumiaji wadogo, ni 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, ukiweka kodi na tozo inafika 122. Familia sita haziwezi kuishi na uniti 75. Wakizidi wanahamishiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, uniti inakuwa 292, ukiweka kodi na tozo inafika 356. Ndiyo maana 1,000 iliyokuwa inaleta uniti 8 inaleta 2.8. Wapangaji wanamtuhumu mwenye friji, mwenye friji anamtuhumu anayepiga pasi, mwenye nyumba anatuhumiwa kaiba.

Dawa ni mita ndogo kwa kila chumba. Hazishushi bei, ila kila mtu anaona chake. Wasome zote siku moja, saa moja, na jumla yake ilinganishwe na mita kubwa. Tofauti ndogo ni taa za ukumbini na uwani. Tofauti kubwa, kuna waya umechepushwa.

#33 Mwambao_Halisi
Nimesoma yote, ahsanteni. Kwenye kufuli nalegeza, hesabu ya Dalali imenitosha. Ila kuna jambo sikulieleza mwanzo sikudhani lina uzito: nyumba ni ya marehemu. Anayekusanya kodi ni mtoto mkubwa wa kiume. Mpangaji anasema miezi hii minne dada mtu alimkataza kumlipa kaka.

#34 Karani_Mstaafu
Ndugu yangu, hilo ndilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza. Nani ni msimamizi wa mirathi?

#35 Mwambao_Halisi
Kaka anasema yeye ni mkubwa, ukoo ulikaa ukamteua.

#36 Karani_Mstaafu
Kikao cha ukoo kinapendekeza, mahakama ndiyo inateua. Mahakama ya mwanzo inampa msimamizi Fomu Na. 4. Mwenye fomu hiyo ndiye anayepokea kodi, anayeandika notisi, na anayesimama barazani kama mdai. Asiye nayo hata akiwa mkubwa kwa miaka ishirini, ombi lake litapigwa chini kwa kukosa hadhi ya kushitaki. Na kodi anayopokea msimamizi si yake. Inaingia kwenye hesabu za mirathi, zile za Fomu Na. 5 na Na. 6, warithi wagawane kwa mafungu yao.

#37 MamaMakorora
Ngamiani nyumba za namna hii ni nyingi sana. Wapangaji wanaumia katikati.

#38 Mpangaji_Mwema
Sasa mpangaji wa watu si mdaiwa sugu! Angemlipa nani?

#39 Wakili_Mtaani
Ni mdaiwa, deni halijafutika. Ila sababu ya kuchelewa ipo. Jambo la busara lilikuwa kuziweka 60,000 kila mwezi pembeni, benki au kwenye simu, na kuwaandikia wote wawili: "pesa ipo, nionyesheni msimamizi". Kama anaweza kuonyesha 240,000 zimekaa, ombi la kumtoa kwa kutolipa linakuwa dhaifu mno. Kama alizila, hoja ya dada ni kisingizio.

#40 Dalali_Chumbageni
Mwambao, muulize pia kama ile karatasi ya kwanza ililipiwa ushuru wa stempu. Asilimia 1 ya kodi ya mwaka: 60,000 mara 12 ni 720,000, inatoa 7,200. Bila stempu haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na faini. Pesa ndogo, lakini inasimamisha shauri.

#41 Mwambao_Halisi
Haikulipiwa. Na nimempigia kaka sasa hivi: Fomu Na. 4 ipo, imetoka mwaka jana kwa jina la dada.

#42 KijanaWaDuga
Uzi ufunguliwe upya.

#43 Karani_Mstaafu
Basi barua yoyote ya kaka haihesabiki. Dada aandike yake, aambatishe nakala ya fomu, na siku zianze upya kuanzia hapo.

#44 Wakili_Mtaani
Si lazima zianze upya. Dada akiandika kwamba kaka alikuwa wakala wake na anaidhinisha alichofanya, barua ya kaka inaweza kusimama.

#45 Karani_Mstaafu
Aliyemkataza mpangaji asimlipe kaka, leo aseme kaka alikuwa wakala wake?

#46 Mwambao_Halisi
Barua ya kaka haijaandikwa bado, kulikuwa na wazo la kufuli tu. Nampelekea dada muundo wa #11, na tarehe nitamwambia afuate #4. Kodi yao inaangukia tarehe 5.